Sikio la Halmashauri

Katika idara ya maji ya halmashauri ile palikuwa na mtu mmoja aliyelipwa mshahara kwa kusikiliza. Si kwamba aliajiriwa kwa cheo hicho. Kwenye jalada lake aliandikwa fundi bomba daraja la pili, na daraja hilo alikaa nalo karibu miaka thelathini kama mtu aliyekaa na shati moja. Lakini kazi yake hasa ilikuwa kupita mitaani alfajiri, kabla magari hayajaanza kuunguruma, akiwa na ufito mrefu wa chuma wenye kikombe cha mbao upande wa juu. Ncha ya ufito aliisimamisha ardhini, kikombe akakiegemeza sikioni, kisha akafumba macho. Chini ya miguu yake maji ya mji mzima yalikuwa yakipita gizani, na pale bomba lilipopata ufa, hata ufa mwembamba kama uzi, yeye aliusikia. Akachora msalaba wa chaki, akaenda zake. Wachimbaji wakija saa mbili wanachimba palepale penye msalaba, na maji yanawakuta magotini.

Watu walimwita Sikio. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu, na hata karani wa mishahara alikuwa akilitafuta kwa kidole.

Aliingia kazini kama mchimba mitaro. Siku moja fundi mkubwa wa wakati ule alishikwa na chafya zisizokwisha, akampa yeye kile chuma amshikie kidogo. Badala ya kukishika, akakiweka sikioni. Alisimama hivyo kwa muda, chepe limelala miguuni, wenzake wakimcheka, mpaka fundi alipomaliza chafya zake na kumwuliza amesikia nini. Akasema chini kuna mtu anapiga mluzi. Fundi hakucheka. Tangu siku hiyo Sikio hakushika chepe tena.

Ukimwuliza habari za kazi yake hakuwa na maneno mengi, ila hayo machache yalikuwa mazuri. Alisema maji yaliyo salama huvuma kama mtu apumuaye usingizini. Yanayovuja kwenye bomba la chuma hupiga mluzi; kwenye bomba la plastiki hunong'ona, kama mtu anayetoa siri asiyotaka kuimaliza. Udongo wa mfinyanzi huikumbatia sauti ikakaa karibu, mchanga huitawanya. Alfajiri nyingine, alisema, akisimama kwenye njia panda na kufumba macho, alijiona kama yeye ndiye aliyelala na mji ndio unaomwota.

Karakana yao ilikuwa nyuma kabisa ya jengo la halmashauri, banda la mabati lenye benchi moja, sufuria ya chai na jozi nne za mabuti kwa watu saba, hata aliyechelewa akajikuta kavaa ya kushoto mawili. Kila mwaka waliandika barua ya kuomba mabuti, na kila mwaka walijibiwa kuwa ombi lao linashughulikiwa. Nyapara wao, mtu wa mabega mapana waliyemwita Sepetu, alikuwa akisema kwamba katika halmashauri nzima hakuna mfanyakazi mzoefu kama huyo Linashughulikiwa: hajawahi kuugua, hajawahi kuhamishwa, na hastaafu. Wengine walilalamika, Sikio hakulalamika. Alikuwa na saa yake ya alfajiri, na mtu aliye na saa moja anayoipenda katika siku hustahimili zile nyingine.

Kisha, katika mwaka wa thelathini na moja wa kazi, alipata mafua. Yakaja kama mafua mengine, yakamkaa wiki mbili, yakaondoka. Lakini yalipoondoka yaliacha sikio la kulia limezibwa kama limejaa pamba. Hilo halikumtia hofu sana, maana binadamu kapewa mawili. Akahamishia kikombe upande wa kushoto. Ndipo sikio la kushoto nalo lilipoanza kuvuma. Ulikuwa mvumo mwembamba kama mluzi, usiopanda wala kushuka, na aliujua vizuri kuliko alivyoijua sauti ya mamaye. Ulikuwa ni mluzi wa ufa mdogo, kwenye bomba la chuma, chini ya mchanga.

Asubuhi ya kwanza aliusikia mbele ya duka la dawa. Akachora msalaba. Sepetu na watu wake wakachimba mpaka kifuani, wakalifikia bomba, wakalipangusa kwa viganja. Lilikuwa zima, na udongo uliolizunguka mkavu kama unga. Sepetu akamtazama kutoka ndani ya shimo. Kisha akawaambia watu wake wafukie, na mwenye duka alipouliza akamjibu kwamba ni ukaguzi wa kawaida.

Shimo la pili lilikuwa mbele ya lango la shule. Kavu. Wiki ile ile, mtaa wa nyuma ya posta, bomba lilivuja siku sita bila mtu kujua, mpaka sakafu ya fundi cherehani mmoja ikainuka katikati kama mkate. Sikio alikuwa amepita pale kila alfajiri ya siku hizo sita. Alikuwa amesikia ufa, ni kweli, lakini alikuwa akiusikia kila mahali: njia panda, uwanjani, kwenye ngazi za halmashauri, jikoni kwake. Mji mzima ulikuwa ukivuja, na alikuwa akitembea juu yake kama mtu aliye kwenye ndoto ambayo kila mlango aufunguao una mvua nyuma yake.

La tatu ndilo lililomwumbua. Alichora msalaba katikati ya lami, kwenye barabara iendayo hospitali, na kwa sababu ilikuwa lami ilibidi kuletwa mashine, barabara ikafungwa siku mbili, magari yakazungushwa. Shimo likawa refu kuliko yote. Kavu. Jioni ile karakanani kila mtu alikuwa akiosha chepe lake kama lina madoa yasiyotoka. Sepetu alimfuata mpaka getini akamwambia kwa upole kwamba yeye amekwisha kumfunika mara mbili, na blanketi lake sasa limekuwa fupi.

Nyumbani mambo hayakuwa siri kama alivyodhani. Mkewe alikuwa msusi, akisukia barazani, mwanamke wa maneno mengi na macho makali kuliko maneno. Alikuwa ameona kwamba siku hizi mumewe analala kama gogo ubavu wa kushoto, na kwamba akiitwa kutoka upande wa kulia anatabasamu tu. Jioni ile, yeye akiwa amekaa anavua viatu, mkewe alisimama nyuma yake akasema kwa sauti ya chini kwamba nyumba inaungua. Sikio akaendelea kufungua kamba za viatu. Mkewe akasema kwamba kuna nyoka miguuni pake. Akavua kiatu cha pili, akakipanga vizuri pembeni ya cha kwanza.

Alipogeuka alimkuta mkewe ameketi chini sakafuni, analia bila sauti, au pengine kwa sauti.

"Tangu lini?" mkewe akauliza, sasa akiwa mbele yake.

"Tangu mafua yale."

"Na ulikuwa unangoja nini, baba?"

"Nilikuwa nangoja yaishe."

Mkewe alipangusa uso kwa ncha ya kanga. Alimwambia kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na kwamba yeye hayuko tayari kulia mara mbili kwa jambo moja. Kesho atakwenda hospitali, keshokutwa kwa mkuu wa idara. Asipokwenda kwa miguu yake, atakwenda yeye msusi, na mume anamjua akianza kusema.

Hospitali walimkalisha katika chumba kidogo kilichofunikwa godoro kuta zote, wakamvisha vipokea sauti, wakampa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio. Alibonyeza na kubonyeza. Mganga wa masikio, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alipomtoa nje alimwambia kwa huruma kwamba mara nyingi aliyobonyeza hapakuwa na mlio wowote. Mishipa ya masikio imechoka. Ule mvumo unatoka ndani yake mwenyewe, na huenda usiondoke.

"Kwa hiyo hakuna maji," Sikio akasema.

"Hakuna maji, mzee."

Alikaa kwenye benchi la nje kwa muda mrefu. Aliona kitumbua chake kimeingia mchanga. Mtu wa miaka hamsini na minne asiyeweza kuchimba, na sasa asiyeweza kusikia, halmashauri itamfanyia nini ila kumwandikia barua ya shukrani? Lakini zaidi ya barua, kilichomwuma kilikuwa kitu kingine, naye hakuweza kukisema hata kwa mkewe. Alfajiri zake zilikuwa zimekwisha, na hakuna aliyemwambia ipi ilikuwa ya mwisho.

Mkuu wa idara alikuwa mwanamke ambaye hakuwa amefikisha mwaka pale. Wote walimwita Bi Mhandisi, na karakana ilikuwa haijaamua bado kama inamwogopa au inamheshimu. Hacheki, walisema, lakini salamu zote anajibu. Sikio aliingia na karatasi ya hospitali mkononi, akakataa kukaa, akaeleza yote akiwa wima: mafua, mvumo, mashimo matatu, na jinsi nyapara alivyomfunika, ila hapo akaongeza kwamba nyapara hana kosa. Bi Mhandisi alisoma karatasi mara mbili. Kisha akauliza swali ambalo Sikio hakulitarajia: katika miaka yote hiyo amegundua uvujaji mara ngapi?

Sikio hakujua. Wiki nyingine mara tatu, nyingine kila siku.

"Zimeandikwa wapi?"

Sikio akagusa paji la uso.

Bi Mhandisi aliinuka, akafungua kabati la chuma lililokuwa likigoma kufunguka, akatoa karatasi moja kubwa iliyokunjwa na kuliwa na wadudu kwenye mikunjo. Akaitandaza mezani. Hiyo, alimwambia, ndiyo ramani ya mabomba ya mji huu, hakuna nyingine. Ilichorwa kabla Sikio hajaajiriwa. Inaonyesha mitaa kumi na moja. Mji una mitaa mia moja na sita. Tangu alipofika amekuwa akijiuliza idara hii inafanyaje kazi bila ramani, na sasa amepata jibu, limesimama mbele yake na linakataa kiti.

"Masikio hayapiti kichwa, mzee," akasema. "Sikio limechoka, nimekuelewa. Lakini hicho kichwa, ukiondoka nacho, sisi tutabaki tunachimba kama kuku."

Sikio akakaa.

Hivyo ndivyo alivyopelekwa chumba cha ramani, ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi. Wengi katika halmashauri hawakujua kwamba chumba hicho kina mtu. Ndani yake alikuwamo mchora ramani, mwanamke wa miaka kama arobaini, aliyesomea kazi hiyo na kuipenda, mpaka mashine yake ya kuchorea ilipoharibika na kipuri chake kikaanza kushughulikiwa. Huo ulikuwa mwaka wa tano. Kila siku saa moja na nusu alitia sahihi daftarini, akapanda ngazi, akakaa. Alikuwa amefuma sweta na soksi za kila mtoto aliyezaliwa na wafanyakazi wa idara ya mapato, na idara ile ilikuwa na uzazi. Baadaye alimwambia Sikio kwamba watu wakimwona wanamwonea kijicho, mshahara bila jasho. Hawajui kwamba kazi isiyokuwepo huchosha kuliko kubeba saruji. Mwaka wa pili alikuwa akienda chooni kulia. Wa tatu hakulia tena, na hilo ndilo lililomtisha.

Siku ya kwanza haikwenda vizuri. Alitandaza karatasi kubwa nyeupe, akachonga penseli, akamwambia Sikio aonyeshe. Sikio aliitazama ile karatasi kama mtu anayetazama maandishi ya nchi nyingine. Mji aliujua kwa miguu na kwa sikio, hakuwahi kuuona kutoka juu kama ndege. Akigusa mtaa huu, kidole kinakwenda mtaa mwingine. Hadi mchana walikuwa wamefuta mpaka karatasi ikatoboka, na mchora ramani akarudi kwenye sweta lake akisema kwamba hata hii nayo itapita.

Siku ya pili Sikio alivua viatu. Alisema miguu yake haifikiri vizuri ikiwa imefungwa. Akakaa kwenye kigoda, akaegemea ukuta, akafumba macho. Kisha akasema:

"Niko mlango wa posta. Naelekea kushoto. Hapa bomba liko kimo cha kiuno, la chuma, nene kama paja. Hatua kumi na nne, kuna koki."

Mchora ramani aliacha sindano zake.

Tangu siku hiyo walitembea. Kila asubuhi Sikio alianzia mahali, akaenda hatua kwa hatua huku kakaa, naye dada wa ramani akamfuata kwa penseli. Chumba kilikuwa na dirisha moja kubwa lililotazama mashariki, na mwanga uliingia ukapanda karatasini, ukapita mezani, ukashuka sakafuni mpaka kwenye nyayo za mzee ukazipasha moto, saa ikapita bila wao kujua. Mvumo wa sikioni uliendelea, lakini sasa ulikuwa na kazi: alisema unamsaidia kutembea, kama wimbo wa mtu anayetwanga.

Jambo moja lilimtatiza mchora ramani mwanzoni. Mzee alikuwa akitembea mjini, lakini haukuwa mji mmoja. Angesema anapita kando ya kiwanda cha sabuni, na harufu yake ilivyo kali leo, kumbe kiwanda hicho kilibomolewa miaka ishirini iliyopita. Angegeuka kumpisha mwuza mkaa ambaye alikuwa kaburini. Aliteremka ngazi ambazo sasa ni benki. Mara nyingine alinyamaza katikati ya barabara, akatabasamu, na alipoulizwa akasema anamngoja msichana mmoja avuke na ndoo yake, ndipo aendelee. Msichana huyo ndiye aliyekuja kuwa mkewe. Hivyo dada wa ramani alijifunza kumwuliza, taratibu, karibu na sikio lake la kushoto, bila kumwamsha:

"Uko mwaka gani sasa, mzee?"

Naye angejibu, kwa sauti ya mtu aliye mbali, kwamba ni mwaka ule wa mvua kubwa, au mwaka aliozaliwa kitinda mimba wake. Dada angeandika. Bomba alilichora kwa wino, kwa sababu bomba bado lilikuwapo chini. Vile vilivyoondoka juu yake, kiwanda, mwuza mkaa, ngazi, msichana na ndoo, hakuweza kuvichora kwa wino wala hakuweza kuviacha. Akaviandika kwa penseli pembeni, kwa herufi ndogo.

Halmashauri ina masikio zaidi ya lile moja, na haikuchukua muda maneno yakasambaa kwamba ghorofa ya pili kuna mzee analipwa kulala, tena miguu mitupu, na mwanamke kawekwa kumlinda usingizi. Maneno yakafika kwa mwenyekiti wa halmashauri. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kupenda kufumania. Alipanda ngazi mwenyewe, na katibu wake nyuma, akafungua mlango bila kubisha.

Sikio, ambaye asingesikia mlango hata ungevunjwa, alikuwa mtaa wa soko kuu akishuka kuelekea kwa kinyozi. Mchora ramani alikuwa ameinama. Bila kuinua kichwa, kwa mazoea, aliinua mkono kumwashiria aliyeingia anyamaze. Mwenyekiti alinyamaza. Katibu alisimulia baadaye kwamba katika miaka sita hakuwahi kuona jambo kama hilo.

Mzee alipofika kwa kinyozi na kutulia, dada aligeuka, akaona ni nani, penseli ikaanguka. Alimgusa Sikio begani. Sikio akafumbua macho, akatafuta viatu vyake kwa miguu, hakuvipata.

"Unaota nini, mzee wangu?" mwenyekiti akauliza, akilazimika kuuliza mara ya pili kwa sauti kubwa.

Sikio alimjibu kwamba haoti, anapita. Mwenyekiti akasema vema, basi naye apitishwe. Aote mtaa wake yeye mwenyekiti. Alisema kwa mzaha, lakini alivuta kiti akakaa.

Sikio alisita. Kisha akaegemea ukuta, akafumba macho. Alichukua muda kufika, kwa maana ni mtaa wa mbali, wa mwinuko. Akasema amepita mti wenye mikwaruzo ya magari, amefika kwenye geti la buluu, ila geti bado halipo, ni kiwanja kitupu chenye nyasi. Bomba hapa linaacha barabara na kukata kiwanja mshazari. Wanaunga. Wanaunga kwa haraka kwa sababu mvua inakuja, na stoo haina mpira wa saizi ile wiki hii, kwa hiyo yeye mwenyewe anakata mpira wa gurudumu la gari na kuutia pale. Alisema mahali penyewe, kwa kadiri anavyoona nyumba ilivyokuja kukaa, ni chini ya ukuta wa jiko, pembe ya nyuma.

"Nilijua ule mpira hautadumu," akasema, macho bado yamefumbwa. "Nilisema nitarudi kuubadilisha. Sikurudi. Unisamehe, mheshimiwa."

Ukuta wa jiko la mwenyekiti, pembe ya nyuma, ulikuwa ukibanduka rangi mwaka wa tisa sasa. Alikuwa ameupaka mara nne na kugombana na mafundi wanne. Aliinuka, akarudisha kiti mahali pake, akatoka. Siku mbili baadaye Sepetu na watu wake waliitwa, wakachimba, wakautoa mpira wa gurudumu ukiwa mweusi na laini kama kipande cha ini.

Wiki iliyofuata ilikuja bahasha ya halmashauri yenye karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa onyo kwa fundi bomba daraja la pili, kwa kuonekana amefumba macho na kuvua viatu katika saa za kazi, kinyume cha kanuni, na nakala yake ipelekwe jaladani. Ya pili, yenye sahihi ile ile na tarehe ile ile, iliagiza chumba cha ramani kipewe viti viwili vyenye migongo na mito, pazia, na mashine mpya ya kuchorea. Bi Mhandisi aliwasomea zote mbili kwa sauti moja. Hapo ndipo karakana ilipopata habari kwamba anacheka, kwa sababu alipofika kwenye mito alishindwa kuendelea.

Viti vilikuja. Mashine nayo ilikuja, baada ya miezi mitano. Mabuti bado yalikuwa yakishughulikiwa, mpaka Bi Mhandisi alipobeba jozi moja ya kushoto mawili, yenye matope yake, akaiweka juu ya meza katikati ya kikao cha matumizi. Nayo yakaja.

Ramani ilichukua miezi kumi na minne. Ilikuwa karatasi arobaini na tatu, zikapangwa ukutani katika ukumbi, na wafanyakazi wa idara nyingine wakawa wanapita wakati wa chakula kutafuta mitaa yao. Ilipofika wakati wa kuichapa rasmi, mtu wa uchapaji alitaka maandishi ya penseli yafutwe, akisema hayahusu maji. Bi Mhandisi alizunguka ukumbi mzima akiyasoma, akiinama kwenye yale ya chini. Alisimama kwa muda mbele ya msichana na ndoo. Mwishowe akasema yachapwe yalivyo, kwa rangi hafifu. Mkewe Sikio alipoletwa kuona, aligombana na tarehe. Ndoo, alisema, ilikuwa ya mwaka mmoja kabla.

Palikuwa na pengo. Karatasi ya thelathini na nane, kati ya mtaa wa wahunzi na reli, mzee alifika pale mara saba na mara zote akakuta giza. Alijaribu asubuhi, akajaribu baada ya kula. Mchora ramani alitaka kukadiria, maana bomba haliwezi kuruka hewani. Sikio akakataa. Aliomba pale paandikwe "hatujui", na pakaandikwa hivyo, kwa wino.

Kazi ile ilipokwisha, Bi Mhandisi alilipitia jalada la Sikio ili kumwombea daraja la kwanza, akagundua kwamba katika miaka kumi na moja mtu huyu hajaenda likizo hata siku moja. Alimwita kumwuliza kwa nini. Sikio akasema maji hayana likizo. Bi Mhandisi akamjibu kwamba yeye si maji, akaandika siku arobaini na mbili, akatia sahihi, akamwambia akimwona getini kabla hazijaisha atamwandikia onyo la pili.

Sikio na mkewe wakaenda kwa shemeji, dada wa mke, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Asubuhi ya kwanza Sikio aliamka saa yake ya alfajiri kama kawaida, akavaa, akatoka. Mkewe, aliyemfahamu, akatoka naye, akakaa upande wa kushoto ili asikike. Mitaa ilikuwa mitupu, yenye ukungu mwembamba na taa zilizokuwa zikizimika moja moja. Walitembea polepole. Baada ya njia panda ya tatu Sikio alisimama, akatazama chini kwenye lami, kisha huku na huku, kama mtu anayejipapasa mifuko. Mkewe akamwuliza kapoteza nini. Akasema hajapoteza kitu. Ni kwamba hajui chochote. Hajui bomba linapita upande gani, la chuma au la plastiki, nani aliunga, nani aliahidi kurudi asirudi. Anakanyaga tu.

Walikwenda mpaka jua likawa kali, mkewe akisimulia habari za wateja wake, nani kaachika, nani kakata nywele zote kwa hasira. Walinunua mikate, wakapotea njia mara mbili, wakaulizia. Mchana, baada ya kula, shemeji alimtandikia mkeka barazani. Alilala ubavu wa kulia, sikio linalosikia likiwa juu, wanawake wawili wakizungumza karibu yake. Aliyasikia maneno yao yakienda na kurudi, mengine akiyaelewa, mengine yakipita, mpaka akashindwa kutofautisha lipi ni neno na lipi ni mvumo. Akalala hadi jua likashuka.